Benchi la Mlangoni

Mama Sekela tulimzika Alhamisi, nyumbani kwake, bila kanisa wala kengele. Jumamosi ya wiki hiyohiyo, kwenye ukumbi wa kanisa hilohilo hapa Tukuyu, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki kusikiliza semina ya siku nzima, na juu ya kichwa cha mwezeshaji lilitundikwa bango la buluu lililoandikwa: "Kuwatumikia Wengine ni Dalili ya Ukomavu wa Kiroho." Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu kutoka Mbeya. Alivua koti akalitundika kwenye kiti, na kila alipofika kwenye neno "kutumika" alizidi kukunja mikono ya shati kama mtu anayekwenda kuosha vyombo. Hakuosha. Saa nne ilipofika tukatangaziwa kwamba chai imechelewa, tuvumilie kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kupanga mtu wa kuchemsha maji. Niligeuka kuwatazama wenzangu nione kama kuna aliyesikia alichokisikia sikio langu. Wote walikuwa wanaandika. Mimi ni mzee wa kanisa, mwalimu mstaafu, magoti yananisumbua, na sikumbuki ni lini nilikasirika namna ile nikiwa nimekaa kitako. Miaka yote ile ya Mama Sekela chai haikuwahi kuchelewa hata siku moja, wala hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini haichelewi.

Kwa asiyejua utaratibu wetu, mtu aliyetengwa na kanisa akifa kabla hajatubu mbele ya usharika, jeneza lake haliingii kanisani, kengele haigongwi, na mchungaji havai joho. Ndugu wanaimba wenyewe na kufukia wenyewe. Kwenye kikao cha wazee kabla ya mazishi niliinua mkono nikasema kwamba huyu mama amelitumikia kanisa hili kuliko sisi sote tuliokaa humu. Mchungaji wetu, ambaye ni mdogo kuliko mwanangu wa mwisho na ambaye kwa kweli si mtu mbaya, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, hilo hakuna anayelibishia. Lakini si angetubu tu? Dakika mbili za kusimama mbele. Mlango ulikuwa wazi." Nikasema sawa. Nilisema sawa, kwa mdomo wangu huu! Kesho yake nikasimama kwenye migomba ya marehemu kule Kawetele, matope yamenifika kwenye vifundo, nikimtazama Mzee Shabani, fundi seremala wa pale barabarani, akiwaelekeza wanawe namna ya kushusha jeneza alilolitengeneza kwa mikono yake. Walipomaliza akanisogelea. "Mwalimu, niwie radhi nikuulize. Huyu mama hakuwa wa kanisani kwenu?" Nikamjibu kwamba ni habari ndefu. "Maana mimi kila nikitoka kuswali alfajiri nilikuwa namkuta anapita na ndoo kichwani anaelekea kanisani," akasema. "Nilikuwa nadhani ndiye mwenye kanisa." Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningepata pa kumshikia.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa kipaimara. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikiishi kwa mama mdogo, hatua chache kutoka kanisani. Jumatano na Jumamosi alasiri tulikusanyika ukumbini, wavulana upande huu na wasichana upande ule, mwinjilisti akitukaririsha maswali na majibu. Alikuwa mtu mwembamba mwenye fimbo ya mwanzi, na kumbukumbu yake ilikuwa ya kutisha. Ukikosea neno moja katika jibu la mistari minne, analisikia akiwa ameuangalia ukuta. Swali la kumi na nne nalikumbuka mpaka leo kuliko jina la mtaa niliopanga nikiwa chuoni: "Dalili ya Mkristo aliyekomaa kiroho ni ipi?" Na jibu: "Ni kuwatumikia wengine katika kanisa kwa moyo wa upendo bila kunung'unika." Tuliliimba hilo jibu mpaka likawa halina maana. Jumamosi moja nilichelewa, gauni limeloa, viatu vizito kwa matope, na mwinjilisti akasimamisha darasa lote. "Wewe Atupele, kuanzia kesho utamsaidia yule mwanamke kazi za kanisa. Utachota maji, utafagia, utaosha vikombe vya Meza ya Bwana, mpaka nitakapokuambia basi." Darasa likaangua kicheko. Naomba msomaji atulie hapo kidogo kama mimi nilivyokuja kutulia miaka mingi baadaye: katika darasa lililofundisha kwamba kutumika ni ukomavu, kutumika kulikuwa adhabu, tena adhabu ya kuchekesha.

"Yule mwanamke" ndiye Mama Sekela. Nilimkuta kesho yake nyuma ya kanisa, kwenye kile chumba kidogo chenye dirisha moja, akipuliza moto kwenye mafiga matatu. Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mrefu, khanga imefungwa juu ya sweta la kiume lililotoboka kwenye viwiko. Humo ndani kulikuwa na harufu ya moshi, sabuni ya mche na divai iliyochacha. Vikombe vyetu vilikuwa vile vidogo vya kioo, vya funda moja tu, vimepangwa kwenye masinia ya mbao, na yeye aliviosha kimoja kimoja: kwanza maji ya moto, kisha majivu aliyoyachekecha kwa kitambaa, kisha sabuni, kisha maji mengine ya moto, halafu anakiinua kikombe dirishani kukitazama kwa jicho moja. Kikiwa na ukungu kinarudi mwanzo. Baridi ya Juni ya Tukuyu mnaijua. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka, na jioni alivipaka parachichi kama wengine wanavyopaka mafuta ya dukani. Siku ile ya kwanza niliosha vikombe kumi harakaharaka nikavipanga. Akavitazama, akavirudisha vyote kumi kwenye beseni. "Mwanangu, hivi vinaguswa na midomo ya watu wanaoumwa, wanaolia, wanaoomba," akasema. "Kasi ya Kyala haifanywi kwa mbio." Alisema "kasi" kwa maana ya kazi, kama wasemavyo watu wazima wa kwetu, na Kyala ni Mungu. Ndipo nilipojifunza kuosha kikombe.

Kilichonishangaza ni kwamba mikono hiyohiyo haikuruhusiwa kuvigusa vikombe vikiwa vimejaa. Akishavipanga, wamama wa zamu waliingia na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wakamimina divai, wakabeba masinia hadi mezani, na yeye akazunguka nje kwenye mvua akaingia kwa mlango mkubwa na kukaa benchi la mwisho, lile la mlangoni, wanakokaa waliotengwa. Kwetu washirika hawaendi mbele. Mchungaji ndiye anayepita na sinia kutoka benchi hadi benchi. Lilikuja, likaja, likafika benchi la pili kutoka mwisho, hapo likageuka. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi niliangalia lile sinia likigeuka. Vikombe vikiwa na divai vilikuwa vya washirika. Vikiwa vichafu vilikuwa vyake.

Sababu alinieleza mwenyewe jikoni kwake Kawetele, siku aliponialika nimmenyee ndizi, mimi na Sekela binti yake. Alipika mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, kwa maharage na maziwa, akatupakulia kwenye sahani moja tule pamoja, yeye akabaki na sufuria. Nikamuuliza, kwa ujinga wa umri wangu, alifanya dhambi gani. Hakukasirika. Mume wake wa kwanza alikufa Sekela akiwa hajatambaa. Wazee wa ukoo wakakaa, wakamrithisha kwa shemeji yake, ambaye tayari alikuwa na mke. Kwa desturi ya wakati ule angekataa angeondoka peke yake, watoto wangebaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo. "Kanisani wakaniambia, toka kwa huyo mwanaume, urudi kundini," akasema huku akikomba sufuria. "Nikawauliza, na watoto? Wakasema, Mungu atawatunza. Nikasema, basi mimi nitawatunza, Mungu anisaidie." Na kwa nini basi bado anakwenda kuwachotea maji watu hao? Akanitazama kama aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Gwe mwana, kwani maji ni ya kwao? Mimi namchotea Kyala. Wao wanakunywa tu."

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa mwaka ule alikuwa Mzee Ambakisye. Alikuwa na koti la mvua refu, sauti ya kutangaza, na katika mwaka mzima sikuwahi kumwona akiinua hata benchi. Kiti chake kilimtangulia mikutanoni kikiwa mikononi mwa mtu mwingine. Mama yake mzazi alikuwa kitandani, amepooza upande, na aliyekuwa akimwogesha, kumgeuza na kumlisha uji kila asubuhi baada ya kufagia kanisa alikuwa Mama Sekela. Nilikwenda naye mara kadhaa. Bibi yule alimshika mkono hakutaka kuuachia. Sasa siku moja, wiki mbili kabla ya kuhojiwa kwetu kwa ajili ya kipaimara, tulikuwa tunasuuza masinia chini ya dirisha la ofisi, wazee wakiwa kwenye kikao ndani. Tulisikia kila neno. Kulikuwa na mchungaji mgeni anayekuja kutuhoji, na mzee mmoja aliuliza chakula chake kitaandaliwa na nani. Sauti ya Mzee Ambakisye ikajibu, "Apike yule mwanamke, anapika vizuri. Lakini asipeleke mezani mwenyewe. Mgeni akiuliza habari zake tutaonekana kanisa lisilo na utaratibu. Anajitolea, sikatai, ila asije akajisahau." Wengine wakaguna kukubali. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia mkononi, damu imenipanda hadi masikioni, kwani asubuhi ileile tulikuwa tumetoka kubadilisha shuka za mama yake. Nikamgeukia Mama Sekela. Alikuwa anatazama maji. "Suuza, mwanangu," akasema. "Povu halijatoka."

Nilisuuza. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata, masinia yaliporudi chumbani, kulikuwa na vikombe viwili vilivyobaki vimejaa. Tulikuwa peke yetu na mlango nilikuwa nimeurudishia. Nikamsogezea kimoja. Nikamwambia, "Mama, kunywa. Hakuna anayeona, na ni haki yako." Nilijiona nimetenda jambo kubwa. Alikichukua kile kikombe, akakiinua dirishani kama kawaida yake, akakitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kikombe chochote. Kisha akatoka nje, akaimwaga divai ile taratibu kwenye shina la mkahawa, mahali palipopangwa kumwagwa masalia, akarudi, akakitia kikombe kwenye maji ya moto. "Nikinywa kwa kujificha nitakuwa nimewakubalia kwamba si yangu," akasema. "Nataka waniletee, Atupele. Wapite na sinia mpaka pale nilipokaa." Hiyo ndiyo mara pekee nilipomsikia akisema anataka kitu.

Siku ya kuhojiwa kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Gauni langu jeupe alikuwa amelishona Mama Sekela kwa mkono, kwa kuwa mama mdogo hakuwa na nafasi, na kola yake ilikuwa ngumu kwa wanga wa muhogo aliouchemsha mwenyewe. Mchungaji mgeni alikuwa mzee wa mvi, anatabasamu, na maswali alikuwa anayafuata kwenye karatasi ya mwinjilisti. Kura ikaniangukia kwa swali la kumi na nne. Nikalijibu kwa pumzi moja, sikukosea hata neno, na mwinjilisti akafumba macho kwa kuridhika. Nilikuwa nimeanza kukaa wakati mgeni akiweka karatasi chini. "Vizuri sana, binti. Sasa niambie, hapa kwenye usharika wenu, ni nani anayewatumikia hivyo? Nitajie mtu mmoja tu nikamsalimie." Swali hilo halikuwemo kwenye daftari. Niliona fimbo ya mwanzi ikisogea. Nilimwona Mzee Ambakisye, mstari wa mbele, akiweka sawa koti lake. Na mbali, juu ya vichwa vyote, nilimwona Mama Sekela kwenye benchi la mlangoni, mikono imepumzika mapajani, ananitazama kwa furaha tupu, anafurahia gauni. Jina lake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilikuwa nalihisi hapo. Nikasema, "Mzee Ambakisye."

Makofi yalilipuka. Mgeni akashuka akamshika mkono Mzee Ambakisye, na Mzee Ambakisye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao mpaka leo sijausahau. Kisha kutoka nyuma kabisa kikasikika kigelegele, kirefu, chembamba, kinachopanda, na wanawake wengine wakakidaka. Sikuhitaji kugeuka kujua kimeanzia wapi. Mchana ule ule alinipitishia sahani kwa dirisha la jikoni, wali na kuku wa mgeni, paja zima. "Umejibu vizuri, mwanangu," akasema, na hakuwa anatania. Ningefurahi kama angenizaba kofi. Nilikula lile paja. Lilikuwa tamu, na nililimaliza, na hilo pia sijajisamehe.

Watu watasema nilikuwa mtoto. Nimewafundisha watoto wa umri ule miaka thelathini na saba; wanajua vizuri wanapodanganya. Na hata kama nilikuwa mtoto, sikubaki mtoto. Mumewe wa pili alipokufa, wazee wakamfuata wakamwambia sasa kizuizi kimeondoka, asimame mbele atubu kwa miaka yote aliyoishi katika dhambi, arudi mezani. Akawauliza, "Nitubu kulea wanangu?" Wakasema ni utaratibu. Akawaambia ndaga fijo, yaani asanteni sana, akachukua ndoo yake akaendelea na kazi. Nikaja nikawa mzee wa kanisa mimi mwenyewe, mwanamke wa tatu kuchaguliwa hapa, na nikakaa kwenye vikao vile ndani ya dirisha lilelile, na yeye nywele zimekuwa nyeupe akisuuza masinia chini yake. Nilimpelekea masweta. Nilimletea glavu za mpira. Nilikuwa mwema sana kwake, na sinia liliendelea kugeuka benchi la pili kutoka mwisho.

Jumapili iliyopita ilikuwa ya Meza ya Bwana, ya kwanza tangu tumzike. Nilifika alfajiri kwa sababu nilijua. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa, majivu kwenye mafiga ni ya baridi, na vikombe vilikuwa kwenye masinia vilevile vilivyorudishwa mwezi uliopita, alipokuwa hoi kitandani. Divai imekaukia chini, rangi ya kutu, na inzi wawili wamekufa ndani. Hakuna aliyekuwa ameingia humo. Nikakunja mikono ya gauni, mimi na magoti yangu, nikawasha moto, nikachekecha majivu. Wamama wa zamu waliponikuta walishtuka. "Mwalimu! Wewe tena, mzee wa kanisa? Acha, tutatafuta mtu." Nikawauliza watamtafuta wapi. Nilipomaliza kikombe cha mwisho nilikiinua dirishani, kikawa safi, nikawakabidhi masinia, nikazunguka nje, nikaingia kwa mlango mkubwa na kukaa benchi la mlangoni. Lina msumari unaochoma, upande wa kulia. Kumbe miaka yote alikuwa anakalia kushoto kwa sababu hiyo.

Mchungaji alianza kupita na sinia. Alipofika benchi la pili kutoka mwisho akataka kugeuka kama kawaida, ndipo akaniona. Akasita. Nilimwona akihesabu moyoni: mzee wa kanisa hawezi kurukwa. Akapiga hatua zile tatu ambazo hakuna mchungaji aliyewahi kuzipiga akiwa na sinia mkononi, akainama akaninong'oneza, "Mwalimu, karibu." Vikombe viling'aa mbele yangu. Nikamwambia, si kwa kunong'ona, "Geuza, mchungaji. Hapa huwa halifiki." Akabaki ameinama. Watu wakaanza kugeuza shingo, benchi baada ya benchi, na mimi nikasimama, maana sauti yangu ya darasani bado ninayo. Nikasema, "Nikiwa binti wa kipaimara niliulizwa swali ndani ya kanisa hili, mbele ya watu wote: nani hapa anayewatumikia wengine? Nilijibu vibaya na mkanipigia makofi. Mimi ni mwalimu, sipendi kufa na jibu la uongo. Nasahihisha. Ni Mama Sekela." Nikakaa. Mchungaji hakuwa amegeuka. Alisimama pale na sinia lake, mbele ya ile nafasi ya kushoto ambayo haikuwa na mtu, na vikombe vikawa vinagongana. Mwaka ule kilipigwa kigelegele. Safari hii hakikusikika, kwa sababu aliyekuwa akikianzisha tulikuwa tumemzika kwenye migomba.